Huruma Tele, Notisi Hakuna

Nikimwambia mtu kwamba nilisomea ualimu Tabora mjini nikiwa sioni, swali la kwanza huwa ni la ngazi. Ulikuwa unapandaje? Na mitaro je, hukutumbukia? Watu hupima shida yangu kwa pale ambapo wao wangeanguka wakifumba macho. Lakini ngazi hazihami. Ukishazijua umezijua, na fimbo nyeupe inamalizia yaliyobaki. Kilichonitoa jasho chuoni, tangu mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, ni karatasi.

Mimi ni mtoto wa Kaliua. Macho yaliharibika kwa surua nikiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Nyumbani yalisemwa mengi, kama kawaida, mpaka daktari mmoja alipomweleza mama kwamba surua humaliza vitamini A mwilini, na mtoto ambaye tangu mwanzo hana akiba ya kutosha kioo cha jicho lake huchubuka na kubaki na kovu. Shule ya msingi nikasoma Furaha, hapa hapa Tabora, pamoja na wenzangu wasioona. Huko nilifundishwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu ya wasioona, na sikuwahi kujiona nina mahitaji maalumu, maana mahitaji yangu ndiyo yalikuwa ya kila mtu bwenini. Vitabu vilikuwa vichache, lakini vilivyokuwepo vilisomeka kwa vidole. Chuoni nilijikuta mmoja kati ya mamia, na kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mamia.

Siku za mwanzo nilikuwa kituko kwa sababu ya mashine yangu. Mashine ya nukta nundu, ile ya Perkins, ina vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, na uzito wake unakaribia kilo 5. Kuitoa bwenini mpaka darasani, juu ya mchanga wa Tabora unaomeza mguu, ni kazi ya kibarua. Inachapa kwa kishindo, na ukikaribia mwisho wa mstari inalia kengele: ting! Mkufunzi wetu wa saikolojia alikuwa akiisikia anasimama katikati ya sentensi, akidhani ni simu ya mtu. Wenzangu walicheka wiki hiyo. Wiki iliyofuata wakaanza kuguna. Nikahamia kwenye kibao na kalamu ya kutobolea, ambacho hakina kelele nyingi, ila unaandika kuanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi ukiipindua, kwa sababu nundu zinajitokeza upande wa pili wa karatasi. Ukimaliza unageuza ndipo usome. Na wakati wewe unatoboa, mkufunzi ameshamaliza mwanasaikolojia Piaget yuko kwa mwenzake Vygotsky.

Huruma sikuikosa. Nani angeikosa Tabora? Kantini nilipishwa foleni hata pale ambapo sikuwa na njaa. Njiani nilishikwa mkono na watu wasiojitambulisha, wakanivusha barabara ambayo sikuwa na mpango wa kuivuka, wakaniacha ng'ambo na baraka zao. Kina mama wa kanisani walinichangia kanga na sabuni, na Mungu awalipe, kwa kuwa sabuni kweli nilikuwa sina. Mkufunzi mmoja aliwahi kunipa alama nzuri kwa asaimenti niliyoiandika kwa nukta nundu, na chuo kizima hapakuwa na mtu wa kusoma nukta nundu zaidi yangu. Nikamfuata ofisini.

"Mwalimu, shikamoo. Hii kazi umeisahihishaje?"

"Marahaba. Binti yangu, nimeona umejitahidi."

Ameonaje? Nilimwomba muda, nikaichapa upya kwenye kompyuta, nikairudisha. Safari hii nilipata alama pungufu kabisa ya ile ya kwanza, pamoja na maoni pembeni yaliyojaa ukurasa. Nilimsumbua mwenzangu wa bwenini anisomee yote, hata yale ya kukosoa tahajia. Hiyo ndiyo asaimenti ya kwanza chuoni ambayo ninaweza kusema niliifanya.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Waliopita vyuo vya kwetu wanajua utaratibu: mkufunzi anatayarisha desa, analiacha steshenari pale getini, kisha kiongozi wa darasa anatangaza, "Jamani desa lipo, katoeni kopi." Wanafunzi wanamiminika na hela zao, jioni kila mtu ana notisi. Mimi nami nililipa nikatoa kopi, kwa sababu mkufunzi aliuliza nani hana. Nikakaa nayo kitandani nikiipapasa, laini mbele na nyuma.

Njia iliyozoeleka ya mwanafunzi asiyeona ni kutafuta msomaji. Unamwomba mwenzako akusomee, wewe unaandika. Wenzangu hawakukataa hata mara moja. Lakini mwenzako ana masomo yake, ana testi ile ile ya Jumatatu, kwa hiyo anakuja kwako usiku akishamaliza ya kwake, amechoka, anapiga miayo. Nilikuwa nawawekea matobolwa kutoka nyumbani na chai ya sukari nyingi ili wasilale. Na hata akiwa mtu mwema kiasi gani, msomaji aliyechoka anaruka. "Hapa si muhimu sana, dada, tuendelee." Utajuaje kama si muhimu? Kilichonifikia kilikuwa kozi iliyochaguliwa na mtu mwingine, na mara kwa mara ile aya isiyo muhimu ndiyo ilitokea kwenye testi.

Mwaka wa kwanza ukielekea mwisho nikapata kompyuta mpakato iliyotumika, na fundi mmoja akaniwekea NVDA. Kwa wasioijua, hiyo ni programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Haiuzwi, inatolewa bure; aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, naye haoni. Mwanzoni ilikuwa imewekwa sauti ya Kiingereza, ikawa inasoma Kiswahili kizungu. Neno "ng'ombe" sikuwahi kulitambua mpaka nilipolipitia herufi moja moja. Baadaye nikagundua kwamba ndani yake mna sauti ya Kiswahili pia, ya bure vile vile, inayoongea kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye debe lakini inatamka maneno yetu yalivyo. Siku niliyoibadilisha nilisoma mpaka chaji ikaisha.

Nikadhani mambo yamekwisha. Nikamfuata mkufunzi wa mbinu za ufundishaji na flashi yangu, akanikopia notisi zote kwa moyo mmoja. Nikarudi bwenini nikafungua, kompyuta ikanyamaza kimya. Faili zilifunguka, kurasa zilihesabika, herufi hakuna hata moja. Nikarudi kwake.

"Si nimekupa softi kopi?" akashangaa.

Amenipa, ndiyo. Ila zilikuwa karatasi zilizoskaniwa, yaani kila ukurasa ulikuwa picha, na programu ya kusoma skrini inasoma herufi, haisomi picha ya herufi. Ziko programu nyingine za kutambua maandishi ndani ya picha, nami nilizijaribu. Kwa kitabu kilichochapwa vizuri zinasaidia. Kwa kopi iliyotolewa kwenye kopi, ambayo ina mistari ya kalamu ya mtu na duara la kikombe cha chai, zinakuletea maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote.

Aliyenitoa kwenye tope hilo ni dada wa steshenari. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri mvua ipungue, nikimlalamikia tu kama unavyomlalamikia mtu mvua ikinyesha. Akaniuliza, "Kwani hizo notisi unazitaka za nani?" Nikamtajia. Akacheka. "Hizo nimezichapa mimi. Ziko humu kwenye mashine." Wakufunzi wengi walikuwa wanampelekea maandishi ya mkono, yeye anayachapa kwenye Word, anatoa nakala moja safi, na kuanzia hapo dunia nzima inatoa kopi ya kopi. Faili lenyewe, lenye herufi halisi, lilikuwa limelala pale getini siku zote, hatua chache kutoka ofisi ambako maombi yangu yalikuwa yakijadiliwa kwenye vikao. Ofisini walishafika mpaka kwenye bei ya printa ya nukta nundu na bajeti ya mwaka unaofuata.

Yule dada hakunipa siku hiyo, na alikuwa sahihi. Alisema notisi si zake, nimletee ruhusa. Nikazunguka kwa wakufunzi mmoja mmoja. Karibu wote walikubali hapo hapo, na mmoja tu ndiye aliyeogopa kwamba ningeziuza. Tangu hapo kila Ijumaa nilipeleka flashi, nikapata desa kabla halijatangazwa darasani. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya chuo nilikaa kipindini nikiwa nimeshasoma kinachofundishwa. Nilianza kuuliza maswali, na mkufunzi wa saikolojia akadhani nimebadilika tabia.

Maktaba nayo ilikuwa na mgogoro wake mdogo. Mkutubi aliogopa kuskani kitabu kwa sababu ya hakimiliki, akinionyesha kwa kidole lile onyo la ukurasa wa mwanzo (nilimwamini). Hakuwa amesikia habari za Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaofungua mlango wa kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kwenda kumwomba mwenye kitabu, na ambao Tanzania imejiunga nao. Nilimwambia, akaenda kuuliza wakubwa, ikaishia hapo. Nilikosa vitabu, nikabaki na madesa kama wenzangu wengi wenye macho yao mawili.

Kulikuwa na kijana wa Nzega katika darasa letu, kiziwi. Mji wetu ndio uliokuwa na shule ya kwanza ya viziwi nchini, iliyoanza 1963, kwa hiyo ungetegemea chuo cha mji huo kiwe na mkalimani wa lugha ya alama. Hakikuwa naye, isipokuwa siku za ugeni. Huyu kaka alikaa mbele akimwangalia mkufunzi mdomo, na mkufunzi akigeukia ubao somo limekatika. Watu walitushangaa tulipoanza kusoma pamoja: mmoja haoni, mwingine hasikii, wanaelewanaje? Kwa simu. Yeye anaandika ujumbe, simu yangu inanisomea. Mimi naandika, yeye anasoma. Simu ikizima chaji, ananiandikia kwa kidole kiganjani, herufi kubwa moja moja, nami namjibu kwa kuchora hewani.

Alikuwa na shida ya kinyume na yangu. Kilichoandikwa ubaoni alikuwa nacho chote, mpaka tarehe na jina la aliyefuta ubao. Kilichosemwa hakuwa nacho. Kiongozi wa darasa alikuwa akipiga picha ubao na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anashukuru, na simu yangu inaniambia: picha, picha, picha. Kwa hiyo tukagawana. Mimi nilichapa kwenye kompyuta alichosema mkufunzi, yeye akanichapia kilichoandikwa ubaoni, jioni tunabadilishana.

Masharti yake yalikuwa makali. Alitaka na utani. Darasa zima likicheka, aliniambia, yeye peke yake hajui kwa nini, na amekaa shuleni miaka yote akitabasamu wakati wengine wanatabasamu. Kwa hiyo katikati ya nadharia za ujifunzaji utakuta nimeandika: "Hapa wamecheka, amesema mwanafunzi mvivu ni kama treni ya reli ya kati, atafika lakini usiulize lini." Alinijibu mara moja kwamba utani huo haukuwa na maana ya kucheka. Nami nilikuwa nimeona hivyo hivyo, ila nilikuwa sijawahi kupata mtu wa kumwambia.

Kilichomwumiza yeye kilikuwa kwenye kusahihishwa. Lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye mpangilio wake wa maneno, na Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili. Akiandika "mimi jana soko kwenda", msahihishaji anasoma ujinga. Hoja ilikuwa pale, imepangwa vizuri kuliko za wengi wetu, lakini wino mwekundu uliishia kwenye viambishi. Huyu hakupewa hata ile alama ya huruma niliyopewa mimi. Kutokuona kunaonekana, ndiyo maana watu wananihurumia. Uziwi hauonekani, mtu anadhaniwa ana kiburi au hana akili.

Vivyo hivyo kwa mwenzetu mwenye ualbino. Chuo kilimnunulia kofia na mafuta ya kuzuia jua, jambo jema, na hakuna aliyekumbuka kwamba watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu pia. Alihitaji karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa na kiti mbali na dirisha linalomulika. Kiti alikipata kwa kuwahi tu asubuhi kabla ya wengine.

Ngazi zilikuwa shida ya mwingine, kaka mmoja wa mwaka wa pili aliyetembelea baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Baada ya mgeni fulani kutoka wizarani kupita, ikajengwa njia ya mtelezo kwenye jengo la utawala. Ilijengwa haraka. Kanuni ya mafundi inajulikana: kimo cha mita moja kinahitaji mtelezo wa urefu wa mita 12 hivi, ili mtu apande kwa nguvu zake. Ule wetu ulikuwa mfupi hivi kwamba nilipoupima kwa fimbo nilidhani nimegonga ukuta. Kaka alijaribu mara moja mbele ya watu, baiskeli ikataka kupinduka, akashushwa na vijana wanne. Kuanzia hapo ulitumika kuegeshea bodaboda. Na katika jengo la utawala mwanafunzi anakwenda kufuata nini, zaidi ya kulipa ada? Maktaba ilikuwa ghorofani.

Hisabati nimeiacha makusudi, ila siwezi kuiruka yote. Mkufunzi wetu alikuwa bingwa na alikuwa anapenda kazi yake. Alifundisha hivi: "Hii ukiitoa hapa ukaipeleka kule inakuwa hasi, kwa hiyo hii na hii zinakufa, tunabaki na hii." Hii ipi? Kule wapi? Nilinyoosha mkono kila alipotaja "hii" mpaka darasa likachoka. Siku moja alinisubiri nje ya mlango akaniuliza anisaidieje, nikamwambia, "Mwalimu, sema unachoandika, basi." Ilimchukua muda, mara anasema vizuri, mara anasahau anarudi kwenye "hii". Wanafunzi wa viti vya nyuma, ambao ubao hawakuwa wakiuona vizuri na hawakuwahi kusema, walianza kumkumbusha wao: "Mwalimu, hii ipi?"

Kwenye mtihani wa darasa la saba sisi tusioona tunaongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa ya hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Kwenye testi za chuoni hapakuwa na nyongeza yoyote mpaka nilipoandika barua nikitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Wapo wanaosema sheria zetu ni za kwenye makabati. Mimi ninachojua ni kwamba barua ya kuomba msaada ilikaa mezani muhula mzima, na barua yenye namba ya sheria ilijibiwa kabla wiki haijaisha.

Sasa nafundisha shule ya msingi katika mkoa huu huu, na mwaka huu alinipigia mkufunzi kijana wa chuo kimoja. Kapokea mwanafunzi asiyeona, anafundisha sayansi, hajui aanzie wapi. Alianza kwa kuniuliza kama amtafutie mtu wa kumshika mkono. Nikamwambia hilo amwulize mwanafunzi mwenyewe, yeye atume notisi kabla ya kipindi, zilizochapwa, zisiwe picha. Akaandika. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa na mkufunzi yeyote nilipokuwa nasoma: mchoro wa moyo anaupelekaje kwa mtu asiyeuona?

Tuliongea mpaka salio lake likakata, nikampigia mimi. Achukue manila ngumu. Kuta za moyo azizungushie uzi mnene kwa gundi, mishipa ya kuingiza damu aitumie uzi wa katani na ya kutoa aitumie uzi wa sufu, ili vidole vitofautishe. Asijaze kila kitu kwenye karatasi moja, kidole kikikuta nyuzi nyingi kinapotea. Majina aandikiwe kwa nukta nundu na mwanafunzi mwenyewe kwenye vipande vidogo, avibandike. Na gundi aiache ikauke usiku kucha, kwa sababu ikiwa mbichi nyuzi zinahama, na moyo unaogeuka sura katikati ya kipindi haufundishiki. Akaniuliza katani ataipata wapi Tabora mjini. Nikamwelekeza sokoni, upande wa wauza kamba, aulize bei kwanza kabla hajasema ni ya chuo.